Ugoko unapouma: neno kwa aliyeanza kukimbia



Miaka ya karibuni asubuhi za Jumamosi na Jumapili katika jiji letu la Dar es Salaam zimepata sura mpya. Mara baada ya Swala ya Alfajiri, kabla maduka ya Kariakoo hayajafunguliwa na mikokoteni haijaziba Mtaa wa Kongo, hupita makundi ya watu wakikimbia kwa pamoja, fulana zao za rangi moja, wakiitikia nyimbo za mchakamchaka. Wamo vijana, wamo watu wa makamo, wamo na akina mama. Wengi wao hawatafuti medali. Wametolewa nyumbani na maneno ya daktari: sukari imeanza kupanda, presha haishuki, uzito umezidi kiasi. Hilo ni jambo la kheri, nasi tunalipongeza, kwani mwili ni amana na mwenye amana hutakiwa kuitunza.

Lakini mwenye kuyatazama makundi hayo kwa wiki kadhaa ataona kwamba sura hubadilika. Aliyejiunga mwezi uliopita kwa hamasa hayupo tena. Ukimuuliza, aghalabu hatakwambia kuwa amechoka wala amekosa muda. Ataishika sehemu ya mbele ya mguu wake, kati ya goti na kifundo, na kukwambia: ugoko umekataa.

Wiki hii tumeona tulizungumze jambo hili kwa upana, kwa kuwa tunaamini kwamba maumivu hayo yanawarudisha kitini watu ambao hawana nafasi ya kurudi kitini. Na wapo wengine ambao hawarudi nyuma, bali hulazimisha mguu kwa vidonge hadi mfupa unapata ufa. Njia zote mbili zina hasara, na ipo ya tatu.

Maumivu haya ni ya nini?

Ugoko, ambao kwa Kiswahili cha vitabuni huitwa pia muundi, ni ule mfupa mkubwa unaoupapasa kwa mbele unaposhuka kutoka gotini. Maumivu ya mkimbiaji anayeanza hukaa zaidi kwenye ukingo wake wa ndani, upande unaotazamana na mguu wa pili, katika nusu ya chini. Ukipitisha kidole gumba juu ya ukingo huo utakuta pahala panapouma, na maumivu yenyewe hutandaa kwa urefu wa vidole vitatu au zaidi. Mwanzoni huja unapoanza kukimbia, hupungua mwili unapopata joto, kisha hurudi jioni au asubuhi ya pili. Usipojali, huanza kudumu katika safari nzima, na mwishowe hukusumbua hata unapotembea kwenda sokoni.

Chanzo chake ni mzigo uliozidi uwezo. Tufanye hesabu ndogo. Mtu mwenye kilo 80 anapokimbia, kila hatua humbebesha mguu mmoja uzito unaofika mara mbili au tatu ya uzito wa mwili wake. Tuchukue mara mbili tu: hizo ni kilo 160, yaani zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Mkimbiaji mgeni, ambaye hatua zake ni fupi na za polepole, hupiga takribani hatua 1,200 katika kilomita moja. Akikimbia kilomita 5, kila mguu umepokea mzigo huo mara 3,000. Kwa kila pigo mfupa hupinda kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho, na misuli iliyojishika kando yake huuvuta utando unaoufunika. Mguu uliozoea hauna shida na hilo. Mguu uliokaa dukani miaka kumi juu ya stuli, ukasimama kwa kwenda msikitini na chooni tu, haujawahi kuombwa kazi kama hiyo.

Kwa nini basi maumivu hayaji siku ya kwanza, bali wiki ya tatu au ya nne, pale mtu anapoanza kujisifu kuwa amekuwa mkimbiaji? Hapa ndipo penye siri ambayo kila anayeanza anapaswa kuijua. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Katika wiki chache tu pumzi huwa nzuri, na mtu husikia kwamba anaweza kuongeza mwendo. Misuli hufuata nyuma. Mfupa huwa wa mwisho. Unapouzidishia mfupa kazi, mwili huanza kwa kuondoa sehemu zilizochakaa, na baadaye ndipo hujenga mpya, mfano wa fundi anayebomoa tofali bovu kabla ya kuweka zima. Kazi hiyo ya kubomoa na kujenga huchukua miezi mitatu au zaidi. Katikati yake, mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo katika wiki ile ile ambayo mapafu yanasema “ongeza”, mfupa unasema “ngoja”. Anayesikiliza mapafu peke yake ndiye tunayemkuta amekaa kando ya barabara akijikanda mguu.

Ardhi ya mjini na viatu vya mjini

Kariakoo ni mtaa uliopewa jina na wapagazi. Jina lake limetokana na lile la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, ambao kambi yao ilikuwa hapa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Hata leo, mchukuzi wa Kariakoo anayefahamu kazi yake hampi kijana mgeni gunia zima siku ya kwanza. Humwanzishia mzigo mdogo, akaizoea njia, akaizoea shingo, ndipo akaongezewa. Busara hiyo tunayo mitaani mwetu. Tumeisahau tu tulipoanza kukimbia.

Mazingira yetu nayo yana sehemu yake. Mitaa ya katikati ya jiji ni lami, zege na vitofali vilivyopangwa. Pembezoni mwa barabara huinama kuelekea mtaroni, kiasi kwamba anayekimbia upande mmoja kila siku huwa mguu wake mmoja uko chini ya mwingine. Hapo papo kuna mifuniko ya mitaro, meza za wamachinga zilizoachwa usiku na bodaboda zisizosubiri. Mkimbiaji hukanyaga kwa kushtuka, akikaza mguu na kubadili hatua ovyo. Anayeishi Kariakoo, Gerezani au Ilala ana nafuu karibu naye: viwanja vya Mnazi Mmoja na eneo la Jangwani, penye udongo na nyasi, mvua inapokuwa haijajaza maji. Kuzunguka uwanja kwa dakika ishirini kunachosha macho kuliko kwenda hadi Daraja la Tanzanite, lakini kwa mwezi wa kwanza au wa pili ndiko kunakoufaa mguu, na unaweza kuacha wakati wowote maumivu yanapokuja, bila ya kulazimika kurudi nyumbani kilomita nne ukichechemea. Mchanga laini wa ufukweni, ambao wengi huudhani kuwa dawa, huivuta sana misuli ya nyuma ya mguu. Mgeni asiufanye kuwa uwanja wake wa kila siku.

Ama viatu, wengi wetu raba zetu ni za mtumba, na hakuna aibu katika hilo. Lakini raba ya kukimbilia huwa na umri. Soli yake ya kati hupoteza ulaini baada ya kilomita mia kadhaa, hata kama juu inang'aa kwa kusafishwa. Basi unapochagua pale Mchikichini, usitazame rangi. Igeuze uone kisigino: kama kimelika upande mmoja, iache, kwani itaupindisha mguu wako kwa mwendo wa mtu mwingine. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, kazi yake imekwisha. Ivae na utembee. Kidole kikubwa kiwe na nafasi mbele, na kisigino kisicheze. Raba nyepesi ya fasheni na kiatu cha mpira wa miguu si viatu vya kukimbilia barabarani.

La kufanya mguu unapouma

Kwanza, punguza, na ikibidi simama. Kusimamisha mbio hakumaanishi kusimamisha mazoezi. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo ndani ya hesabu hiyo. Aliyeambiwa na daktari apunguze sukari anaweza kuendelea kuipunguza kwa kutembea dakika 30 kwa siku tano, kwa baiskeli au kwa kuogelea, maadamu ugoko haumuumi anapofanya hivyo. Kwa hiyo asije mtu akasema, “Nimeshindwa kukimbia, basi tena.” Hajashindwa chochote. Amebadilisha kazi huku mfupa ukimaliza ujenzi.

Pili, barafu. Kipande cha barafu kilichofungwa ndani ya kanga au taulo, kikawekwa pahala panapouma kwa dakika 15, kisha kikaondolewa, hutuliza. Usiweke barafu juu ya ngozi tupu. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepata ganzi asitumie barafu kabisa bila ya ushauri wa daktari, kwa kuwa anaweza kuunguzwa na baridi asihisi.

Tatu, jihadhari na vidonge. Ni rahisi kuingia duka la dawa ukanunua diklofenaki au ibuprofeni, ukameza kabla ya mbio, ukakimbia kama hakuna kitu. Dawa hizo zinapotumika mara kwa mara huweza kupandisha presha, kudhuru figo na kuleta vidonda vya tumbo. Tazama basi ajabu ya jambo hili: mtu ameanza kukimbia kwa sababu ya presha, halafu anameza kinachoipandisha ili aweze kukimbia. Zaidi ya hayo, kidonge humnyamazisha mlinzi lakini mwizi bado yumo ndani. Kuchuliwa kwa nguvu juu ya mfupa wenyewe nako kunaongeza madhara. Misuli ya nyuma ya mguu ndiyo inayoweza kukandwa, tena kwa upole. Wapo watakaotuuliza kuhusu hijama. Hatusemi neno dhidi yake, ila tunasema kwamba hakuna tiba itakayoondoa maumivu ya mzigo ikiwa mzigo wenyewe bado uko pale pale.

Nne, imarisha mguu. Simama kwenye ngazi ya nyumba yenu kwa ncha za nyayo, shika ukuta, inua visigino juu polepole, kisha vishushe polepole zaidi. Fanya mara 12 hadi 15, pumzika, urudie mara mbili zaidi. Halafu egemea ukuta kwa mgongo, visigino vikiwa chini, na uinue vidole na nyayo kuja juu. Mazoezi haya yanaweza kufanywa hata nyuma ya kaunta ya duka wakati mteja hajafika, na yakifanywa siku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi miwili faida yake huonekana.

Tano, upande wa swala. Kikao cha tahiyatu huulaza muundi sakafuni na kuubana. Anayeumia aweke msala mzito au mkeka uliokunjwa. Na ambaye maumivu yamemzidi, dini yetu imempa mgonjwa wepesi wa kuswali kadiri anavyoweza. Amuulize imamu wake namna ya kufanya, wala asijitese.

Kurudi kwa kipimo

Utajuaje kuwa wakati wa kurudi umefika? Kipimo ni chepesi, nacho hufanywa alfajiri. Unapoamka, kabla hujashuka kitandani, pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ndani wa ugoko. Halafu shuka ngazi kwenda msikitini au kuchukua udhu. Ikiwa kwa siku saba mfululizo hapaumi kwa kubonyezwa wala kwa kushuka, na unaweza kutembea haraka dakika 30 bila ya maumivu, anza tena. Kwa wengi hali hiyo huja baada ya wiki mbili hadi sita. Kwa wengine huchukua muda mrefu zaidi.

Anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, urudie mara nane. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, na kati ya siku moja na nyingine uache siku ya mapumziko. Wiki inayofuata ongeza kidogo, kama alfajiri ya siku ya pili haikukulaumu. Punguza urefu wa hatua na uziongeze idadi. Hatua fupi hupunguza pigo la kila mguu. Kasi yako iwe ile inayokuruhusu kuzungumza na mwenzako bila ya kukata maneno. Usiongeze umbali na kasi katika wiki moja. Na ukifika wiki ya nne ukajiona shujaa, kumbuka kwamba hiyo ndiyo wiki ya hatari.

Asidhani mtu kwamba mwendo huu wa polepole ni wa wanyonge. Ndugu yetu Mtanzania, Alphonce Simbu, alipata shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia mjini London mwaka 2017. Dhahabu ya mashindano hayo hayo, ya kwanza katika historia ya Tanzania, aliipata Tokyo mwezi Septemba 2025. Kati ya nishani hizo mbili ni miaka 8 ya kazi. Ikiwa bingwa wa dunia amesubiri miaka 8, mfanyabiashara wa Mtaa wa Swahili anaweza kusubiri miezi mitatu.

Dalili zisizosubiri

Yapo maumivu ambayo hayafai kutibiwa kwa makala ya gazeti. Ikiwa maumivu yamekusanyika sehemu moja ndogo, unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole; ikiwa yanakuamsha usiku; ikiwa kuruka mara moja kwa mguu huo hakuwezekani, yamkini mfupa umepata ufa. Usikimbie hata hatua moja. Nenda kituo cha afya au Hospitali ya Mnazi Mmoja, na ukipewa rufaa ufike Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Upanga. Ujue pia kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza isioneshe ufa huo. Picha safi si ruhusa ya kukimbia ikiwa maumivu bado yapo. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa la moto na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mguu ukikaza na kufa ganzi kila unapofika umbali fulani wa mbio, kisha ukatulia unapopumzika, mweleze daktari hivyo hivyo.

Wazazi nao wasikilize. Mtoto anayelalamika mguu baada ya mchakamchaka wa shule asiitwe mvivu kabla ya kutazamwa. Mtoto mwenye selimundu, au mwenye homa na maumivu ya mfupa, apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Mabinti wanaokimbia huku wakijinyima chakula ili wapungue wamo katika hatari kubwa ya kupata ufa, hasa yule ambaye siku zake za mwezi zimekatika. Mama yake azungumze naye kwa upole na ampeleke kwa daktari. Mifupa hujengwa na chakula: dagaa wanaoliwa wazima, maziwa na mtindi, mayai, maharage, mboga za majani. Katika mwezi wa Ramadhani mbio zipungue, na anayeanza angoje Shawwal.

Tunamalizia kwa kuwageukia viongozi wa makundi yetu ya mazoezi. Mgeni anapokuja na raba mpya na tumbo la miaka kumi, hamasa ya nyimbo humvuta akimbie mwendo wa wenyeji, na haya humzuia kusema kuwa anaumia. Muwekeeni safu yake nyuma, yenye kiongozi wake, inayotembea na kukimbia kwa zamu na kugeuka mapema. Muulizeni kila wiki: ugoko vipi? Akina mama nao wapewe safu yao na wakati wao, ili wakimbie kwa stara na bila ya haraka. Na sisi tuliobaki majumbani, tukimuona mzee wetu amevua raba na kuzitupa chini ya kitanda, tusimcheke. Tumuulize pahala panapouma, kisha tumwalike tutembee naye baada ya Alfajiri hadi Mnazi Mmoja, polepole, na kurudi.

Wabillahi tawfiq.